Dua ya Mgeni: Futari, Ukarimu na Njaa katika Historia ya Kwihara

Utangulizi

Kwa wanafunzi wengi wa historia ya Kanisa, jina la Kwihara humaanisha kitu kimoja tu: tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, akiwangojea wapagazi kutoka pwani kwa ajili ya safari yake ya mwisho. Kijiji hiki kiko kilomita chache kutoka mji wa Tabora, na tembe hiyo, iliyojengwa upya, imehifadhiwa kama makumbusho. Wageni huonyeshwa vyumba, barua na ramani, kisha huondoka wakiwa na picha ya mzungu mmoja mgonjwa aliyeketi peke yake katikati ya Afrika.

Lakini Livingstone hakuwa peke yake. Nyumba aliyolala ilikuwa katika makazi ya wafanyabiashara Waislamu, Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani, nao ndio waliokuwa wenyeji wake. Makala hii inakusudia kuitazama Kwihara kwa upande huo, yaani kama mahali pa sinia na mkeka, ambapo mgeni alipokewa na kulishwa. Ndani ya habari hiyo pana, tutashughulika na jambo moja: dua zinazosemwa pale chakula cha futari kinapoliwa pamoja na wageni, na hasa dua ambayo mgeni humwombea mwenyeji wake.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kila mwaka mwezi wa Ramadhani unapoandama, wachungaji na wainjilisti wetu hupata mialiko ya kufuturu kwa majirani, kwa jamaa zao Waislamu, hata kwa viongozi wa serikali. Wako wanaokataa kwa kuogopa kuichafua imani yao. Wako wanaokwenda, wakala, wakanyamaza, wakarudi nyumbani. Ni wachache wanaojua ni nini kimesemwa juu ya chakula kile, na mgeni anatazamiwa kutoa nini. Historia ya Kwihara yaweza kutusaidia kulijibu swali hilo kwa uaminifu.

1. Dua za futari na nafasi ya mgeni

Yafaa kwanza tutofautishe maneno. Sisi Wakristo tunaposema "sala" twamaanisha maombi ya kila namna. Kwa Waislamu, sala ni ibada ile yenye nyakati tano kwa siku, yenye kusimama, kurukuu na kusujudu. Maombi ambayo mtu humtolea Mungu kwa haja yake au ya mwenzake huitwa dua. Maneno ya futari ni dua.

Jua linapozama, aliyefunga hutakiwa asichelewe kufungua. Kwa desturi huanza na tende, na asipozipata huanza na maji. Katika mkusanyo wa Hadithi wa Abu Dawud imo dua fupi ya wakati huo, ambayo maana yake ni kwamba kiu imekwisha, mishipa imepata maji, na malipo yamethibiti, Mungu akipenda. Ni maneno ya mwili. Hayaanzi na fundisho, bali na koo lililokauka na sasa limelowa. Lakini mara moja yanaugeuza unafuu wa mwili kuwa tumaini kwa Mungu.

Kisha kuna maneno ya mgeni. Abu Dawud apokea kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume Muhammad alifika nyumbani kwa Saad bin Ubada, mkuu wa kabila la Khazraji mjini Madina, akaletewa mkate na mafuta ya zeituni. Alipokwisha kula akamwombea mwenyeji mambo matatu: kwamba waliofunga wafuturu kwake, kwamba watu wema wale chakula chake, na kwamba malaika wamwombee rehema. Wanazuoni wameyajadili maneno hayo, kama yawahusu wale tu waliofunga au kila mgeni. Hata hivyo shabaha yake ni wazi. Mgeni hamwombei mwenyeji mali wala ushindi juu ya adui zake. Amwombea kwamba nyumba yake isikose wageni.

Hadithi nyingine, katika mkusanyo wa Muslim, yasimuliwa na Abdullah bin Busr. Mtume alikula nyumbani kwa baba yake. Alipokuwa akiondoka, baba yule alishika hatamu ya mnyama na kumwomba awaombee. Naye aliwaombea baraka katika kile walichoruzukiwa, na msamaha, na rehema. Tuitazame picha hiyo: mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyetoa, ameshika hatamu kama mwombaji, na mgeni, ambaye ndiye aliyepokea, amekuwa mtoaji. Kwa dua hiyo nafasi zao zimebadilishana.

Tirmidhi naye amehifadhi ahadi kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata malipo kama ya yule aliyefunga, na malipo ya yule wa kwanza hayapungui hata kidogo. Ndiyo sababu katika miji ya Waislamu watu hushindana kufuturisha. Katika karne ya kumi na tatu Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii, alizikusanya dua za mgeni pamoja na nyingine nyingi katika kitabu chake cha nyiradi, Al-Adhkar. Madhehebu hayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, na kutoka pwani yakaingia bara pamoja na misafara.

Waswahili wana methali inayosema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingi twaitumia kwa mzaha, kwa kuwa siku ya mgeni hata watoto wa nyumba hula vizuri. Lakini mbele ya dua hizi methali hiyo yapata uzito wake. Mwenyeji hupona kwa sababu mgeni humwombea.

2. Kwihara, mji uliojengwa juu ya wageni

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, nchi ya watemi wa Kinyamwezi. Hapo ndipo Waarabu walipojenga matembe yao, kwanza Kaze na Tabora, kisha Kwihara, kwa ruhusa ya mtemi na kwa kumtegemea. Walipanda miembe, vitunguu, mpunga na ngano. Pembe za ndovu zilipita hapo kwenda pwani, na nguo, shanga na baruti zilipita kwenda bara. Wapagazi wa misafara hiyo walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi huru, watu wa kazi waliojua thamani ya ujira wao, wala si watumwa waliofungwa minyororo kama inavyodhaniwa mara nyingi.

Richard Burton na John Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wamechoka na wagonjwa. Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani, aliwapa nyumba na chakula, akamsaidia Burton kukusanya habari za nchi na za lugha zake. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, aliusifu ukarimu huo katika maandishi yake. Miaka michache baadaye Snay aliuawa katika vita dhidi ya mtemi Manwa Sera, aliyekuwa ameondolewa katika kiti chake.

Kiongozi wa msafara wa Burton alikuwa Said bin Salim. Mtu huyu baadaye akawa liwali wa Sultani wa Unguja katika Unyanyembe, na makao yake yalikuwa Kwihara. Henry Morton Stanley alipofika tarehe 23 Juni 1871, ni Said bin Salim aliyempokea. Katika siku za mwanzo wakubwa wa Tabora walimpelekea Stanley masinia ya wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau, na baada yake ng'ombe, kondoo na mbuzi. Stanley aliorodhesha vyote kwa mshangao. Tarehe 18 Februari 1872 alirudi Kwihara kutoka Ujiji akiwa pamoja na Livingstone. Mwezi uliofuata Stanley akaenda zake pwani, na Livingstone akabaki hadi tarehe 25 Agosti.

Msomaji atauliza kama wageni hao waliwahi kuketi Kwihara katika futari. Kalenda yatujibu. Ramadhani ya mwaka 1858 ilimkuta Burton katika Ziwa Tanganyika. Ile ya mwaka 1871 ilianza katikati ya Novemba, Stanley na Livingstone wakiwa huko huko ziwani. Ile ya mwaka 1872 ilianza mapema Novemba, na Livingstone alikuwa amekwisha kuondoka Kwihara. Karamu walizopewa zilikuwa za siku za kawaida. Ramadhani inayotuhusu sisi ni ile ya mwaka uliofuata, wakati Livingstone alipokuwa maiti.

3. Oktoba 1873: njaa mbili zakutana

Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliuondoa moyo wake na kuuzika pale, wakaukausha mwili, wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Waliouongoza msafara huo walikuwa watu wa asili na imani mbalimbali. Chuma, Myao, alikuwa amekombolewa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Susi, mtu wa Shupanga katika bonde la Zambezi, aliitwa Abdullah, na alibatizwa miaka mingi baadaye, mwaka 1886. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa vijana Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa na misheni huko Nasik, India. Yeye ndiye aliyesoma ibada ya maziko kule Chitambo.

Wakati huo Luteni Verney Lovett Cameron alikuwa Kwihara tangu Agosti, amelala na homa katika nyumba ile ile waliyokaa Stanley na Livingstone, kwa ukarimu wa Said bin Salim. Tarehe 20 Oktoba 1873 Chuma aliingia akiwa na barua iliyoandikwa na Wainwright. Barua hiyo ilitoa habari ya kifo, na kisha ikaeleza haja ya msafara: njaa iliwabana, wakaomba nguo za kununulia chakula. Siku chache baadaye mwili ukafika. Cameron aandika kwamba Said bin Salim, na wana wa Nasibu, Sheikh na Abdullah, na wakubwa wote wa Kiarabu bila kukosa hata mmoja, walihudhuria mapokezi ya maiti. Askari walipangwa safu mbili mbele ya nyumba, mwili ukapitishwa katikati yao, na bendera ikapandishwa nusu mlingoti.

Kwa hesabu ya kalenda ya Kiislamu, Ramadhani ya mwaka 1290 Hijiria iliandama karibu na tarehe 23 Oktoba 1873. Basi mapokezi hayo yalifanyika siku zile zile mji ulipokuwa ukiingia katika mfungo. Cameron aliondoka Kwihara mapema Novemba, na wenye kuubeba mwili nao wakashika njia ya pwani kabla mwezi huo haujaisha. Karibu muda wao wote wa kupumzika Kwihara ulikuwa ndani ya Ramadhani. Katika nyumba ya Mwislamu aliyefunga, chakula cha kwanza baada ya jua kuzama ni futari. Mgeni yeyote aliyelishwa jioni katika nyumba hizo, awe Mwislamu au Mkristo, alilishwa futari.

Hapa njaa mbili zilikutana. Moja ilikuwa njaa ya hiari, ambayo mtu huichukua mwenyewe mchana, akijua kwamba jioni atakula. Nyingine ilikuwa njaa ya lazima, ya watu waliotembea miezi mitano wakiwa na mzigo wasioweza kuuuza wala kuutupa. Kurani yenyewe humpa ruhusa msafiri na mgonjwa wasifunge, wazilipe siku hizo baadaye. Yaani sheria ya mfungo yajua kwamba njaa hizi mbili si kitu kimoja. Mfungo una maana pale tu njaa ya hiari inapomfungua mtu macho aione njaa ya lazima iliyo mlangoni pake.

Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale. Walikataa, na mwili ukazikwa London, katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Katika vitabu vyetu jambo hili husimuliwa kama uaminifu wa watumishi kwa bwana wao. Yafaa pia kukumbuka kwamba njiani uaminifu huo ulihitaji kulishwa.

4. Mikono iliyopika

Lakini historia haituruhusu kuishia kwenye sifa za ukarimu. Ni nani aliyelima mpunga ule wa Kwihara? Ni nani aliyeteka maji, akatwanga, akakesha jikoni ili sinia liwe tayari adhana ya magharibi ikiadhiniwa? Kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa. Utajiri wa makazi yale ulitokana na pembe na pia na watu. Ni kweli kwamba tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea majumbani, na haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922.

Tunapolisema hili tusilifanye fimbo ya kuwapigia Waislamu. Dini yao yenyewe ilikuwa na neno la kuwahukumu. Mtu aliyeivunja saumu yake mchana kwa kukutana na mkewe alitakiwa kwanza amwache huru mtumwa. Asipompata ndipo afunge miezi miwili mfululizo, na akishindwa alishe maskini sitini. Kurani huwasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Mungu, bila kutaka malipo wala shukrani. Neno la uhuru lilikuwapo pale pale penye sinia. Na kama watu wema ndio wanaoombewa wale chakula cha mwenyeji, hakuna budi chakula chenyewe kiwe kimepatikana kwa wema.

Wala Wakristo hatuna pa kusimama kwa kiburi. Livingstone aliyachukia mauaji aliyoyaona Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 na kuyaandikia ulimwengu. Hata hivyo mwaka 1869, alipokuwa karibu kufa, aliuguzwa na mfanyabiashara Mwarabu, Muhamadi bin Gharib. Alikula mikononi mwa watu ambao biashara yao aliishutumu. Hakuudharau wema wao kwa sababu ya dhambi ya biashara ile, wala hakuinyamazia dhambi hiyo kwa sababu ya wema wao. Chuma na Wainwright, waliokuwa wamekombolewa utumwani, waliingia Kwihara kama wageni katika mji wa wenye watumwa. Tunaposoma habari zao, tusiwaache nje ya picha wale waliokuwa jikoni, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

5. Mchungaji kwenye mkeka wa futari

Turudi kwa swali letu. Mchungaji aliyealikwa kufuturu afanye nini? Twaweza kuyatazama mambo matatu.

Kwanza, kuhusu kula. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wakialikwa na mtu asiyeamini, nao wakitaka kwenda, wale wanachoandaliwa bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Kurani nayo huhesabu chakula cha Watu wa Kitabu kuwa halali kwa Waislamu, na chakula cha Waislamu kuwa halali kwao. Futari si sadaka ya sanamu. Ni chakula cha watu waliokaa na njaa mchana kutwa kwa ajili ya Mungu, na anayekaribishwa hapo amepewa heshima.

Pili, kuhusu dua. Yesu alipowatuma wale sabini, kama ilivyo katika Luka 10, aliwaagiza kwamba wakiingia nyumba yoyote waanze kwa kuitakia amani, kisha wale na kunywa vitakavyotolewa. Basi wajibu wa mgeni kuibariki nyumba inayomlisha si mgeni katika Injili. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alimwagiza mwenye nyumba awafundishe watu wake maombi ya kabla na baada ya kula. Akilifafanua ombi la mkate wa kila siku, alisema kwamba Mungu huwapa watu wote mkate huo, hata waovu, bila ya sisi kuomba. Tunaomba ili tutambue umetoka kwake na tuupokee kwa shukrani. Mwislamu anaposema kwamba amefuturu kwa riziki ya Mungu, Mlutheri aliyeijua Katekisimu yake hawezi kuyaona maneno hayo kuwa ya kigeni.

Hata hivyo mchungaji asiigize. Hatakiwi kusoma dua ya Kiislamu kana kwamba ni Mwislamu, wala kutamka ungamo lisilo lake. Akae kwa adabu wakati mwenyeji anapoomba. Akipewa nafasi, aombe kwa imani yake mwenyewe na kwa maneno yake mwenyewe: baraka katika kile nyumba hiyo ilichoruzukiwa, msamaha, na rehema. Asipopewa nafasi, ayaseme moyoni na ayarudie nyumbani kwake. Wala asiugeuze mkeka kuwa mimbara, kwa maana aliyekaribishwa kula hakukaribishwa kuhubiri. Atakapoulizwa sababu ya tumaini lililo ndani yake, ndipo ajibu, kwa upole na hofu.

Tatu, kuhusu macho. Mgeni mwema hutazama pia jikoni. Atakayeombea nyumba amwombee na msichana wa kazi aliyepika viazi na uji wakati wengine wamepumzika, na maskini aliye nje asiyealikwa. Na jambo hili halianzi katika nyumba za Waislamu. Linaanza katika karamu zetu za kipaimara, za ndoa na za kuwekwa wakfu, ambamo wageni rasmi hushiba na wapishi hula makombo.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika mapokeo ya Kiislamu dua ya mgeni humgeuza aliyepokea kuwa mtoaji. Tumeona pia kwamba Kwihara, ambayo sisi tumeizoea kama ukurasa wa historia ya misheni, ilikuwa kwanza mahali ambapo Waislamu waliwapokea wageni, hata maiti ya mgeni, na kwamba ukarimu huo ulikaa nyumba moja na dhambi kubwa. Mambo haya mawili hatuna ruhusa ya kuyatenganisha. Anayekumbuka ukarimu peke yake hudanganya, na anayekumbuka dhambi peke yake hudanganya pia.

Mwanafunzi atakayekwenda Kwihara asiishie kuutazama mlango wa tembe kama mlango alimotoka Livingstone. Kwa mlango kama huo Chuma aliingia akiwa na barua ya wenye njaa, na mwezi wa mfungo ulikuwa karibu kuonekana. Nasi tutakapoketi kwenye mkeka wa jirani jioni ya Ramadhani, tusiondoke kabla ya kumwombea aliyetulisha, pamoja na yule aliyepika.